Chura wa sumu yupi akufae: auratus, terribilis, imitator au pumilio?

Chura wa dhahabu wa Kolombia hazidi sana ukubwa wa kidole gumba. Akiwa msituni hubeba ngozini karibu miligramu 1 ya sumu iitwayo batrakotoksini, kiasi kinachokadiriwa kutosha kuua watu wazima kumi au zaidi. Mwanawe aliyezaliwa ndani ya kioo cha kufugia huko Rotterdam au Toronto, akalelewa kwa nzi wa matunda tangu alipoota miguu, hana sumu hiyo. Ukoo ni uleule na rangi ni ileile. Kilichobadilika ni chakula.

Ndiyo maana anayetafuta chura wa kufuga kwa kuuliza "yupi ana sumu kidogo?" anajichelewesha bure. Wote wanne tunaowalinganisha hapa, wakiwa wamezalishwa nyumbani, hawana sumu ya kumdhuru mtu. Swali la kujiuliza ni hili: ni mdomo upi nitakaoweza kuushibisha, siku baada ya siku, kwa miaka kumi au zaidi?

Ulinganisho huu unawahusu zaidi wasomaji walio Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako vyura hawa huzalishwa na kuuzwa kihalali. Afrika Mashariki hawapo kiasili, na kuwaingiza kunahitaji vibali vya wanyamapori. Wafugaji huwaita kwa jina lao la pili la Kilatini, nasi tutafanya hivyo.

Auratus (Dendrobates auratus) ni wa kijani na nyeusi, sentimita 3 hadi 4, wa kuanzia Nikaragua hadi Kolombia. Terribilis (Phyllobates terribilis) ndiye huyo wa dhahabu. Wapo pia wa chungwa na wa kijani kilichofifia. Hukaribia sentimita 5, na makazi yake ni kipande kidogo cha pwani ya Pasifiki ya Kolombia. Imitator (Ranitomeya imitator) ni wa Peru, sentimita 2 hivi, na rangi zake hutofautiana kutoka bonde hadi bonde kwa sababu huwaiga vyura wengine wenye sumu wanaoishi jirani naye. Pumilio (Oophaga pumilio) naye ana sentimita 2, wa Nikaragua, Kosta Rika na Panama. Anayejulikana zaidi ni mwekundu mwenye miguu ya buluu, lakini visiwa vya Bocas del Toro vina wa njano, wa kijani, wa chungwa na wa madoadoa.

Vigezo vya kuwapima ni vitano: sumu na asili ya chura unayemnunua, chakula, joto na unyevu, nafasi na wenza, kisha uzazi. Kigezo cha kwanza tumekipa nafasi kubwa kwa sababu ndicho kinachoeleza vingine vyote.

Sumu na asili yake

Mwanakemia John Daly wa Marekani alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ngozi za vyura hawa. Yeye na wenzake waliorodhesha zaidi ya alkaloidi 800, yaani kemikali ambazo ndizo sumu za vyura hawa. Nyingi kati ya hizo chura hazitengenezi mwenyewe. Huzila ndani ya utitiri wa udongoni, sisimizi, jongoo na mbawakawa wadogo, huzipitisha kwenye damu, kisha huzihifadhi katika vifuko vidogo vya ngozini.

Auratus ndiye aliyelithibitisha jambo hili kwa uwazi. Mwaka 1932 baadhi yao walichukuliwa Panama wakaachiliwa katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, ili wapunguze mbu. Vizazi vingi baadaye, ngozi zao zilikutwa na mchanganyiko wa sumu usiofanana na wa jamaa zao wa Panama. Watoto wao waliolelewa ndani kwa nzi wa matunda hawakuwa na alkaloidi kabisa. Waliolelewa nje, wakila wadudu wa pale pale Hawaii, wakawa nazo. Watafiti walipowalisha vyura wa kufugwa nzi waliopakwa unga wa alkaloidi, ngozi ziliipokea sumu hiyo na kuihifadhi. Auratus na jamaa zake wa karibu hufanya zaidi ya kuhifadhi: wakila alkaloidi iitwayo pumiliotoksini, sehemu kubwa huigeuza kuwa aina nyingine yenye ukali zaidi.

Terribilis ana sumu ya namna yake. Batrakotoksini hulazimisha milango ya sodiamu katika neva na misuli ibaki wazi, na moyo hupoteza mpigo. Waembera, wenyeji wa misitu ya Kolombia, walikuwa wakisugua vishale vyao vya kupuliza kwenye mgongo wa chura huyu akiwa hai. Jina la "vyura wa mishale" limeenea kwa ukoo mzima, ingawa spishi zinazojulikana kwa hakika kutumika hivyo ni chache mno, zote za jenasi ya Phyllobates. Sumu hiyohiyo imekutwa katika mbawakawa wadogo wa New Guinea na ndege wanaowala, kwa hiyo mbawakawa wa aina hiyo ndio wanaoshukiwa hata Kolombia.

Imitator na pumilio hupata sumu zao hasa kwa utitiri na sisimizi. Pumilio ana la ziada: mama humrithisha mtoto. Mayai anayomlisha kiluwiluwi wake huwa na alkaloidi, hivyo mtoto huanza kujikinga kabla hajawahi kumeza mdudu.

Haya yote yanamgusa mnunuzi. Kwanza, chura aliyekamatwa porini hapotezi sumu kwa kubadilishiwa chakula wiki mbili. Terribilis wa porini wamekutwa na sumu ya kutisha baada ya miaka kadhaa kifungoni. Nunua aliyezalishwa nyumbani tu, na uonyeshwe ushahidi: tarehe ya kuota miguu, wazazi wake, na karatasi zinazohitajika, kwa kuwa vyura hawa wako katika Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kwa auratus, terribilis na imitator ushahidi huu hupatikana kwa urahisi. Kwa pumilio kuwa mkali, maana ndiye ambaye wa porini bado huingia sokoni kwa wingi. Pili, usimkusanyie chura wako wadudu wa bustanini. Hawaii imeonyesha kwamba sumu inaweza kurudi mbali kabisa na msitu wa asili, achilia mbali dawa za kuulia wadudu zilizopulizwa kwenye nyasi.

Chakula

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Chura hawa hawali kitu kisichotembea. Ukimtazama kwa karibu akimvizia nzi, utaona kidole kimoja cha mguu wa nyuma kikigongagonga jani haraka haraka. Kisha ulimi unatoka na nzi hayupo. Nzi aliyekufa hatazamwi.

Chakula cha msingi ni nzi wa matunda wasioruka. Wapo wa aina mbili: melanogaster, milimita 2 hivi, na hydei, karibu milimita 3. Utawazalisha mwenyewe. Changanya sehemu 4 za viazi vikavu vya unga, sehemu 1 ya sukari laini na sehemu 1 ya hamira ya pombe. Chukua mililita 120 za mchanganyiko huo, uweke kwenye kopo la lita 1, mimina maji ya moto yaliyotiwa kijiko cha siki hadi upate uji mzito, uache upoe. Nyunyiza punje chache za hamira ya mikate, weka karatasi iliyokunjwakunjwa ili nzi wapate pa kupanda, tia nzi 50 hivi, funika kwa kitambaa. Kwenye nyuzi joto 22 hadi 26, melanogaster wapya huanza kutoka baada ya siku 12 hadi 14, na hydei baada ya wiki 3 hivi. Anzisha makopo mawili kila wiki, hata kama moja linakutosha.

Kopo likiwa na majimaji, nzi wazazi huzama kabla ya kutaga. Likiwa kavu, mabuu hufa. Ukiona vumbi la rangi ya mchanga linalotembea pembeni mwa kopo, huo ni utitiri. Tupa kopo hilo leo, kwa sababu wiki ijayo utakuwa kwenye makopo yote.

Chakula cha pili ni kolembola, vidudu vyeupe vya milimita 1 vinavyoruka ukiwagusa. Wafuge kwenye boksi lenye vipande vya mkaa na maji kidogo chini, uwape punje za hamira au wali. Wakati wa kulisha, mimina maji ndani. Vidudu vitaelea, na utavimiminia kwenye majani.

Kila mlo, tia nzi kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, tikisa hadi waonekane weupe, uwamwage ndani mara moja. Nzi hujisafisha, baada ya saa chache unga umekwisha. Mara moja au mbili kwa mwezi tumia unga wenye vitamini A iliyo tayari kutumika. Chura anayekosa vitamini A hurusha ulimi na kukosa, tena na tena, akidhoofika huku amezungukwa na chakula. Unga uliofunguliwa zaidi ya miezi 6 haufai hata kama umebaki nusu kopo. Rangi nayo ni chakula: pumilio mwekundu asiyepata karotenoidi, viini vya rangi vinavyotoka kwenye chakula, hufifia.

Sasa tuwapime. Auratus mmoja mzima hushiba kwa nzi 25 hadi 40 mara tatu au nne kwa wiki, na hula aina zote mbili. Hata mtoto wake aliyetoka majini huweza kumeza melanogaster. Terribilis ni mlafi: hydei, na nyenje wachanga wa milimita 4 au 5. Kundi la wanne humaliza kopo zima la nzi upesi, lakini ukiweza kununua nyenje dukani, mzigo wa kuzalisha nzi hupungua sana. Imitator na pumilio wanahitaji melanogaster pekee pamoja na kolembola wasiokatika, na watoto wao hawawezi kitu kingine zaidi ya kolembola kwa wiki za mwanzo. Anayelemewa na kazi ya boksi la kolembola asiwachukue hawa wawili.

Joto na unyevu

Mchana nyuzi 22 hadi 26 zinawatosha wote, usiku zikishuka hadi 20 si neno. Terribilis hupendelea upande wa chini wa kiwango hicho. Baridi kidogo huwazubaisha tu, ila joto huua: nyuzi 30 kwa saa chache ndani ya kioo kilichofungwa zinaweza kumaliza kundi lote. Anayeishi Dubai au Muscat na kusafiri mara kwa mara afikirie kwanza nini kitatokea kiyoyozi kikizimika akiwa hayupo.

Unyevu uwe asilimia 80 au zaidi, ila udongo usiwe tope. Chini kabisa weka sentimita 5 za kokoto za udongo wa kuchoma, juu yake wavu, kisha sentimita 5 hadi 7 za mchanganyiko wa magome, mkaa na nyuzi za nazi, halafu tandika majani makavu hadi udongo usionekane. Majani yanayouzwa kwa wafugaji kwa jina la catappa ni ya mkungu, uleule unaowapa watu kivuli barazani Mombasa na Unguja. Hayaozi haraka, na hutoa rangi ya chai inayowafaa viluwiluwi. Nyunyiza maji yasiyo na chumvi wala klorini mara moja au mbili kwa siku.

Auratus husamehe siku moja ya kusahau kunyunyiza kwa kujificha chini ya majani. Terribilis pia huvumilia. Imitator na pumilio ni wadogo, hukauka upesi. Hata hivyo wanataka hewa ipite, majani ya mimea yakauke kati ya mnyunyizo mmoja na mwingine. Kuwafungia kwenye kioo kisichopumua ni kosa linalotokea sana.

Mgeni yeyote, wa spishi yoyote, akae peke yake siku 30 hadi 60 kwenye boksi la plastiki lenye karatasi yenye maji, apimwe kinyesi na kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi za vyura na kuwaua. Wanaofahamu habari za chura wa Kihansi, Tanzania, wanaelewa uzito wake: kuvu hiyo ilikutwa kwao mwaka 2003, idadi yao ilipoporomoka ghafla.

Nafasi na wenza

Auratus wawili watosheke na kioo cha sentimita 45 kwa 45 kwa 45. Wanaweza kuishi kwa kundi, ila majike hubanana na hata kula mayai ya wenzao, kwa hiyo kuwe na maficho mengi kuliko vyura. Ni waoga. Kuna siku hutamwona kabisa.

Terribilis ndiye jasiri kupita wote. Hukaa mahali peupe mchana kutwa, huja mbele ya kioo akikuona. Ana haki ya ujasiri huo: porini karibu hakuna anayethubutu kumla. Kundi la watatu au wanne linaelewana ndani ya sentimita 90 kwa 45 kwa 45.

Imitator wawekwe dume na jike, basi. Ni spishi ambayo wanasayansi waliithibitisha mwaka 2010 kuwa na ndoa ya mke mmoja kwa vinasaba, na anayeongezwa huleta ugomvi. Kioo cha sentimita 30 kwa 30 kwa 45 kwenda juu kinatosha, kikubwa zaidi ni bora, maana hupanda. Pumilio nao ni dume mmoja, jike mmoja au wawili, sentimita 45 kwa 45 kwa 60. Madume wawili hupigana mieleka hadi mmoja aache kula.

Usichanganye spishi kwa urembo, wala pumilio wa visiwa tofauti. Watazaana ovyo, na watoto hao hakuna mfugaji makini atakayewataka.

Uzazi

Kwa auratus, vifaa ni kifuu cha nazi chenye mlango uliokatwa pembeni, chini yake kisahani cha plastiki. Jike hutaga mayai machache humo, dume hurudi kuyalowesha. Unaweza kukitoa kisahani, ukakiweka kwenye boksi lenye unyevu, na baada ya wiki mbili hivi viluwiluwi hutoka. Kila kimoja kiwe kwenye kikombe chake, maana hulana. Baada ya miezi miwili hadi mitatu huota miguu. Miguu ya mbele ikitoka myembamba kama uzi, isiyobeba mwili, mara nyingi chanzo ni lishe ya wazazi, kwa hiyo anza kuchunguza unga wako wa vitamini. Terribilis hutaga mengi zaidi, mara nyingine zaidi ya kumi, na viluwiluwi vyake huweza kulelewa pamoja kwenye beseni moja. Ubaya wake ni kwamba ghafla una watoto thelathini wa kulisha.

Imitator hutumia vikebe vidogo, kama vile vya filamu za kamera za zamani, vilivyobandikwa kwenye kioo kwa mwinamo na maji kidogo ndani. Dume hubeba kiluwiluwi mgongoni na kukitia humo. Mtoto akihitaji chakula, dume huita, jike humfuata hadi kwenye kikebe na kutaga yai lisilorutubishwa ili lilwe. Ukikosa kuona wakilea, bado unaweza kumtoa kiluwiluwi na kumlea kwa chakula cha kawaida.

Pumilio hana njia hiyo ya mkato. Dume huyatunza mayai kwenye jani. Yakianguliwa, mama hubeba viluwiluwi, kimoja kwa kila dimbwi la maji katikati ya majani ya bromelia, na huzunguka kuwalisha mayai yake kwa wiki sita au zaidi. Akiingiza mwili majini, kiluwiluwi hujikakamaza na kutetemeka akiomba. Ni chakula hicho tu. Ukimtoa, hata ukimpa nini, kwa kawaida atakufa. Mama akistushwa kwa kufungua kioo kila mara au kuhamishiwa bromelia, huacha kuzunguka, na watoto wote huisha kimya kimya.

Kwa hali yako

Kama ni mara yako ya kwanza na unataka chura atakayevumilia makosa madogo, auratus anakufaa. Mkubali na woga wake.

Kama kioo kitakaa sebuleni na wageni na watoto watataka kuona chura kila wanapopita, chukua terribilis, mradi una nafasi ya kundi, chumba hakipandi joto, na unaweza kupata nyenje. Waeleze watoto kwamba glavu au mikono iliyosuuzwa vizuri ni kwa ajili ya chura: ngozi yake hufyonza sabuni na chumvi ya vidole vyetu. Na kama huna hakika na alikozaliwa, yeye kuliko wote usimnunue.

Kama unaishi fleti ndogo, una subira ya mambo madogo na unavutiwa na malezi ya wazazi wawili, imitator atakupa mengi ndani ya kioo kisichozidi upana wa kabati la vitabu.

Pumilio ni wa mtu aliyekwisha fuga mojawapo ya hao watatu kwa mwaka mmoja au zaidi, ambaye kolembola wake hawajawahi kukatika, na anayeweza kukaa wiki nzima bila kugusa kioo zaidi ya kulisha na kunyunyiza.

Na kama bado huwezi kuamua, usinunue chura mwezi huu. Nunua kopo moja la melanogaster na boksi moja la kolembola. Panda mimea ndani ya kioo, iache iote mizizi, andika joto la asubuhi, mchana na usiku. Makopo yako yakiwa bado yanatoa nzi kila wiki baada ya miezi miwili, na kipimajoto hakijawahi kuvuka 27, mpigie mfugaji umuulize ana watoto wa nani.